Menengai na Hyrax Hill kwa siku moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yote yametoka kwa simu na meseji zenu, mengine nimeyajibu mpaka kidole kikauma, kwa hivyo nimeona niyaweke mahali pamoja. Safari yenyewe ni ya siku moja, tunaanzia Nakuru mjini, asubuhi tunapanda Menengai, mchana tunashuka kula, alasiri tunamalizia Hyrax Hill. Kama una haraka ruka uende kwa swali linalokuhusu.

## Mambo ya mwanzo

Kwani tunaenda wapi hasa?

Sehemu mbili, na zote ziko karibu na mji. Menengai ni ule mlima mpana ulio kaskazini mwa Nakuru, ukishapita Milimani unaanza kuupanda, na kuna watu wamezaliwa hapa wakauona kila asubuhi bila kujua kwamba ni volkano, kwa sababu kutoka mjini hauonekani kama mlima wenye ncha, unaonekana kama mgongo tu wenye miti. Hyrax Hill ni kilima kidogo upande wa barabara kuu ya kwenda Nairobi, kama kilomita 4 kutoka katikati ya mji. Watu huko waliishi maelfu ya miaka kabla ya reli, kabla ya mji, kabla ya mtu yeyote kuita mahali hapa Nakuru.

Mbona mnaziunganisha? Si naweza kuona Menengai peke yake nirudi nyumbani?

Unaweza, hakuna anayekushika. Lakini nakuomba usifanye hivyo. Wengi hupanda Menengai, wanapiga picha, wanashuka, na Hyrax Hill wanaipita kwa matatu wakienda Nairobi bila hata kugeuza shingo. Mimi naona ile ya pili ndiyo inayokueleza ile ya kwanza ilikuwa na maana gani kwa binadamu. Volkano za Bonde la Ufa ndizo zilizotengeneza udongo huu unaolimwa, na ndizo zilizowapa watu wa kale jiwe la kukatia nyama. Ukiona tundu lenyewe asubuhi, halafu saa nane ukaonyeshwa kisu cha jiwe kilichotokana na moto wa aina hiyo hiyo, unaelewa kitu ambacho picha ya simu haiwezi kukueleza.

Tunalipa ngapi?

Inategemea mko wangapi, kwa sababu gharama kubwa ni gari na mafuta, viingilio ni vidogo ukilinganisha. Mkiwa kumi kila mtu analipa kidogo, ukiwa peke yako inauma kidogo, ndiyo maana huwa nawaomba watu wasubiri tuungane wa wikendi moja. Viingilio ni viwili tofauti: msitu wa Menengai uko chini ya KFS, lile shirika la misitu la serikali, Hyrax Hill iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na raia analipa chini ya mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Kote malipo siku hizi ni ya simu kupitia eCitizen, noti zako zitakusaidia kununua mahindi choma tu.

## Menengai

Ni kreta au ni kaldera? Mbona mwalimu alituambia tofauti?

Mwalimu alikuwa sawa. Sote tunasema kreta kwa mazoea, hata mabango yanasema hivyo, lakini kitaalamu ile ni kaldera. Kreta ni mdomo tu wa volkano. Kaldera inatokea pale volkano inapomwaga magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, nyingi sana kwa muda mfupi, chini panabaki patupu, halafu paa lote linaporomoka ndani.

Huwa nawaeleza watoto kwa mandazi. Mandazi ikitoka kwa mafuta imefura, ndani ni hewa tu, ukiitoboa hewa inatoka na juu inabonyea. Sasa fikiria mandazi yenye upana wa kilomita 12 kwa 8. Mlima wenyewe ulianza kujengeka kama miaka 200,000 iliyopita, lava juu ya lava, polepole, ukawa mpana kama ngao iliyolazwa chini. Kisha ukalipuka vibaya mara mbili, mara ya kwanza kama miaka 29,000 iliyopita na mara ya pili kama miaka 8,000 iliyopita, na hilo shimo tunaloliona leo lilipata umbo lake kwa mlipuko wa pili. Baada ya hapo lava iliendelea kutoka ndani yake, zaidi ya mara 70, ndiyo maana ukitazama chini unaona mikanda myeusi imelaliana, mingine imeshamea vichaka na mingine bado ni mawe matupu makali.

Ni kweli Menengai ni ya pili kwa ukubwa duniani?

Hapana, na naomba tuache kuwaambia wageni hivyo. Ngorongoro hapo Tanzania peke yake ni kubwa kuliko hii kwa mbali. Menengai ina eneo la karibu kilomita za mraba 90, ukuta wake unashuka mita mia kadhaa, na ukisimama ukingoni huoni mtu wala gari kule chini kwa udogo wake. Inatosha hivyo ilivyo. Haihitaji kuongezewa.

Inaweza kulipuka tukiwa juu?

Hakuna mlipuko wa Menengai ambao mtu aliushuhudia akauandika. Lakini haijafa, chini bado kuna moto, na wataalamu hawaiweki pamoja na zile zilizokufa kabisa. Volkano ikitaka kuamka huwa inatoa dalili, ardhi inatetemeka, inavimba, na hii inafuatiliwa kwa karibu sana kwa sababu ya kazi inayofanyika huko ndani (soma jibu linalofuata). Mimi nikipanda huko naogopa zaidi mtu kuteleza ukingoni akijipiga selfi kuliko lava.

Ule moshi mweupe kule chini ni nini?

Ni mvuke, sio moshi. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanakutana na mawe moto, yanarudi juu yakiwa mvuke. Mwingine unatoka kwenye matundu ya asili tangu zamani, na mwingine ni wa visima vya GDC, lile shirika la serikali la jotoardhi, walioanza kuchimba humo mwaka 2011 ili mvuke uzungushe mitambo ya umeme. Mpango wa kwanza ni mitambo mitatu ya megawati 35 kila mmoja. GDC pia wamejaribu kutumia joto hilo moja kwa moja, kupasha greenhouse, kufugia samaki, hata kuchemsha maziwa. Asubuhi yenye baridi, kabla jua halijapanda vizuri, unaona nguzo za mvuke zimesimama wima kama moshi wa jiko la mtu anayepika chai, na mtu wa kwanza kuongea huwa anaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Tutashuka mpaka ndani?

Kwenye safari hii hapana. Kushuka na kupanda tena ni siku nzima peke yake, sakafu ni mawe ya lava yanayokata viatu, hakuna maji, na kila kichaka kinafanana na kingine kwa hivyo watu hupotea. Sehemu za visima nazo zimefungwa. Anayetaka kushuka aniambie tupange siku nyingine, tuondoke alfajiri, na aje na lita tatu za maji, nikisema tatu sina maana mbili.

Jina Menengai maana yake nini?

Wazee wanalihusisha na neno la Kimaasai la maiti. Simulizi ni kwamba karne ya 19 Wamaasai walipigana wenyewe kwa wenyewe, Ilpurko na Ilaikipiak, na walioshindwa wakatupwa kutoka kwenye ukingo. Wakikuyu nao wanaita Kirima kia Ngoma, kilima cha mizimu. Ninapoisimulia hadithi hii huwa naisimulia tukiwa tumekaa, sio tukitembea, kwa sababu ni watu waliokufa hapo.

Basi kuna mapepo? Nimesikia watu hupotea wakarudi hawajielewi.

Hadithi ziko nyingi na kila mwenyeji wa Nakuru ana yake, mimi sijawahi kuona chochote miaka yote niliyopanda. Nilichoona ni watu wa maombi. Kuna mapango kwenye kuta za kaldera ambako watu huenda kufunga na kusali, wengine siku kadhaa, na upepo ukiwa upande wenu mnasikia nyimbo zikipanda kutoka chini bila kumwona anayeimba. Tukiwasikia tunanyamaza, na tukikutana nao njiani tunasalimia tu, hakuna kurekodi mtu akiomba.

## Hyrax Hill

Nitaona magofu kweli ama ni mawe tu?

Hili ndilo swali linaloniuma, na nalijibu kwa roho moja. Ukitarajia majumba ya mawe kama Gede kule pwani, hutayapata. Utaona jumba dogo la makumbusho ambalo zamani lilikuwa nyumba ya shamba, utaona makaburi ya kale, utaona mashimo ya duara yaliyomea nyasi, na juu ya kilima utaona mabaki ya ukuta wa mawe. Mtu akipita mbio dakika kumi ataona mawe tu, ni kweli. Ndiyo maana nimetenga masaa mawili na nusu hapo na sipunguzi.

Kuna wakati tulienda na gari la kukodi, dereva alikuwa na kazi nyingine saa kumi, akawa anapiga honi pale chini wakati bado niko kaburini naeleza. Wageni wakashuka nusu nusu. Mama mmoja kutoka Kakamega aliniambia kwenye gari, "Mwanangu, nimelipa nikaona nyasi." Alikuwa na haki kabisa, na tangu siku hiyo dereva tunakubaliana naye masaa kabla hata hajawasha gari.

Sasa ni nani walioishi hapo?

Ni watu wa nyakati tofauti, sio kabila moja. Tuanze na ziwa. Miaka kama 9,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi sana, Ziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yalifika hapa chini ya kilima. Yaani hapo unapopaki gari kulikuwa karibu na ufuo. Watu walikaa kando ya maji, kama tu watu wa Dunga kule Kisumu wanavyokaa leo.

Baadaye wakaja wafugaji wa enzi ya mawe, takriban miaka 3,000 iliyopita, na hao ndio wenye makaburi. Walizikwa wamekunjwa, magoti yameletwa kifuani, na jambo linalowashangaza wataalamu mpaka leo ni kwamba wanawake ndio waliozikwa na vyombo, sahani za mawe na michi ya kusagia, wanaume hawakuwa navyo. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kwanza. Mtu alichonga sahani kwa jiwe siku ngapi sijui, halafu akaona bora iende na mwenyewe.

Mwisho wakaja wenye yale mashimo ya duara, wanaoitwa Wasirikwa, miaka mia kadhaa iliyopita. Shimo lilikuwa zizi la ng'ombe lililozamishwa ardhini, na nyumba ilishikana na ubavu wa zizi hivi kwamba kuingia ndani lazima upitie kwa ng'ombe. Mwizi akija usiku hapiti bila mifugo kupiga kelele. Ukitoka Nandi, Kericho au Uasin Gishu huenda umeona mashimo kama haya shambani kwa babu ukaambiwa ni ya Sirikwa, basi ni hayo hayo, na watafiti wengi wanawaunganisha na mababu wa Wakalenjin.

Nani aligundua?

Wenyeji walijua kilima chao siku zote. Kwa upande wa utafiti, mwanaakiolojia Louis Leakey aliiona mwaka 1926 akichimba sehemu nyingine karibu na Nakuru, na Mary Leakey ndiye aliyekuja kuchimba rasmi mwaka 1937. Ikatangazwa eneo la kumbukumbu la taifa 1943, makumbusho ikafunguliwa 1965. Mkenya John Onyango-Abuje naye alichimba upya miaka ya 1970, na jina lake halitajwi vya kutosha kwa hivyo nalitaja kila safari.

Kile kisu cha jiwe jeusi ni jiwe gani?

Obsidiani, yaani kioo cha volkano. Lava ikipoa haraka sana haipati muda wa kutengeneza chembechembe, inaganda kuwa kioo. Ukiligonga vizuri linameguka na makali yake yanakata karatasi. Wafugaji wa zamani wa Bonde la Ufa walilitoa sana upande wa Eburru karibu na Naivasha. Baada ya mvua vipande vidogo vinang'aa njiani, ukiinama unaona kingo nyembamba ambayo mwanga unapita kama chupa ya soda, na hapo unajua kuna mtu alikaa chini akakigonga makusudi.

Naweza kubeba kimoja tu, kidogo?

Hapana. Hata kidogo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza, na hata isingekataza, kipande kikiondolewa mahali kilipolala kinapoteza nusu ya habari yake. Piga picha, kiache. Nimewahi kumwambia mtu mzima atoe mfukoni mbele ya watoto wake, haikuwa raha kwa yeyote, tusifike huko.

Ni kweli kuna bao limechongwa kwenye mwamba?

Ndiyo! Safu za vishimo kwenye jiwe, kama ubao wa bao unaoujua. Watoto hulipenda kuliko kila kitu. Wakitaka kucheza nabeba kete na ubao wangu wa mbao, hatuchezei juu ya mwamba wenyewe.

Inafanana na Thimlich Ohinga ya Migori?

Wageni wa Kisumu na Homa Bay huuliza hili sana. Zote zina kuta za mawe zisizo na simiti, lakini Thimlich ni kubwa zaidi, kuta zake zinamzidi mtu urefu, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Hyrax Hill kuta ni fupi, ila historia yake inarudi nyuma zaidi. Ukishaona moja utataka nyingine.

Pimbi wenyewe wapo?

Kilima kimepewa jina lao la Kiingereza, hyrax, wengine huwaita wibari. Kaa kimya karibu na mawe wakati wa jua, huenda ukabahatika. Na ndiyo, yule mnyama mdogo kama sungura mwenye masikio mafupi ni jamaa wa karibu wa ndovu, watoto hawaniamini kamwe.

## Siku yenyewe

Tunaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Saa moja asubuhi mjini, kamili. Menengai asubuhi hakuna ukungu wa joto, unaona mbali, na mvua za Nakuru hupenda kunyesha mchana. Saa sita tumeshuka kula, saa nane tuko Hyrax Hill, saa kumi na moja jioni tumerudi stage.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vilivyofungwa, sio sandali, nyasi za Hyrax Hill zina miiba na zinaficha mawe. Sweta, kwa sababu ukingo wa Menengai uko mita 2,278 na upepo wa asubuhi huingia mpaka mifupani, halafu saa tano jua linakuchoma. Kofia. Maji lita moja na nusu. Kama ni Machi mpaka Mei, beba koti la mvua bila kuuliza.

Chakula je? Na choo?

Chakula kiko kwa bei, ni chapo na ndengu au maharagwe, na mboga, mahali tunapokula mjini. Asiyekula kitu fulani aseme mapema. Choo tunasimama mjini kabla ya kupanda na tena mchana, tumia hata kama husikii haja, juu msituni usitegemee.

Watoto na wazee wanaweza?

Gari linafika karibu kabisa na ukingo wa Menengai kwa hivyo mzee haumii. Hyrax Hill kuna kupanda kidogo, polepole, na anayechoka anabaki kwenye makumbusho na mmoja wetu. Watoto ni kuanzia miaka sita, na kule ukingoni kila mtoto anashikwa mkono na mtu mzima wake, hakuna reli ya kuzuia kila mahali na mchanga unateleza. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, asiiache garini. Kiti cha magurudumu kinawezekana kwenye ukingo wa Menengai na kwenye makumbusho, juu ya kilima hapana, tuambie kabla tuje na mtu wa kusaidia.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu tunaendelea. Mvua kubwa tunageuza ratiba, tunaanza na makumbusho tukisubiri, kwa sababu barabara ya msituni ikiloa gari hucheza. Ukungu ukifunga Menengai kabisa usione kitu, unakuja safari nyingine ukilipia viingilio tu.

## Hali za kipekee

Natoka Kisumu, naweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo?

Ni kama kilomita 180, uhesabu masaa matatu na nusu mpaka manne kila upande. Ukitaka kufika saa moja asubuhi lazima utoke usiku, na sipendi mtu asafiri hivyo halafu asinzie ukingoni. Lala Nakuru usiku mmoja. Wa Eldoret na Nairobi mnaweza mkijitahidi, lakini ushauri ni ule ule.

Tunaweza kuongeza Ziwa Nakuru au Kariandusi?

Mbuga hapana, ile inataka siku yake na kiingilio chake ni kikubwa. Kariandusi kule Elmenteita ni pazuri mno, kuna mashoka ya mawe ya mamia ya maelfu ya miaka ambayo Leakey aliyaona 1928, na iko njiani kwa wanaorudi Nairobi. Mkiwa na gari lenu tunaweza kumalizia huko, ila tutaanza saa kumi na mbili.

Nina droni.

Unahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na cha mahali penyewe. Bila vyote viwili iache nyumbani.

Sisi ni shule, tuko arobaini.

Tunawagawa makundi mawili, moja linaanza Menengai lingine Hyrax Hill, mnabadilishana mchana. Barua ya shule itumwe makumbusho mapema, wanafunzi wana bei yao. Na mwalimu, tafadhali, usiwape karatasi ya maswali ya kujaza wakiwa ukingoni, waache watazame kwanza, maswali watayajaza wakikaa kwenye nyasi za Hyrax Hill.

Nikichelewa mtanisubiri?

Dakika kumi na tano. Baada ya hapo panda boda utukute Menengai, tutakuwa pale kwenye bango lenye mishale ya kuonyesha miji ya dunia, na hatuondoki hapo kabla ya saa nne.